Miguu Kwangu, Mbao kwa Dada

14 Januari

Mpwa wangu, bibi harusi,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, lakini najua utaniamkia, kwa hiyo tumalizane na hilo mapema. Mimi mzima. Kikohozi kilichonitesa siku ya harusi yako kimeondoka chenyewe bila hata kuaga. Jirani wa mlango wa buluu amejifungua mapacha, wote wasichana, na wote wana sauti. Fundi viatu wa pale kona anakusalimu, anauliza kama kile kisigino alichokigongelea asubuhi ya harusi kilifika jioni. Nimemwambia kilifika, maana nilikuona ukicheza.

Najua ulitaka nikupigie simu. Mimi kwenye simu husema "ndiyo, ndiyo, haya," halafu nakata, halafu ndipo nakumbuka nilichotaka kusema. Kalamu angalau inanisubiri.

Sasa kilichoniandikisha. Mwanangu, harusi yako imepita wiki tatu, lakini vitu vyake bado havijui kwamba imepita. Kwangu kuna mishumaa boksi zima, kadi za mwaliko arobaini ambazo hazikuandikwa jina la mtu, maua ya plastiki ya kutosha kufunika paa, na glasi ambazo kila nikipita zinagongana utadhani zinanisengenya. Zile saa za ukutani mlizopewa zawadi, zote tano, ziko kwa mama yako. Fundi viatu ameniambia mama yako amezitundika sebuleni na kila moja inasema lake. Vitambaa vya meza alivyovishona viko kwake pia, vimefuliwa na kupigwa pasi.

Na meza. Zile meza kumi na nane nilizokutengenezea: miguu iko kwangu karakana, yote sabini na miwili. Mbao za juu ziko kwa mama yako, zimeegemezwa ukutani katika chumba chako. Usiniulize ilikuwaje. Siku ya kusafisha kila mtu alibeba alichokuwa ameshika, basi.

Vitu ni vyako. Toa amri nani apewe nini, nami nitatekeleza, isipokuwa amri yoyote itakayonipitisha mlangoni kwa mama yako.

Msalimie mwalimu mume wako. Mwambie akuachie upande wa dirisha, maana wewe tangu utoto hulali bila upepo.

Mjomba wako

*

6 Februari

Shikamoo Mjomba,

Nimekuamkia sasa, ingawa ulishaitikia. Sisi hatujambo. Tuna vyumba viwili juu ya duka la kuchapa, na mashine yao inagonga kuanzia asubuhi hadi saa saba mchana, mpaka vikombe kabatini vinatembea. Upande wa dirisha nimeupata bila vita. Kazini hospitali nimeanza, niko maabara, kutwa jicho kwenye darubini. Mkuu wa maabara bado ananiita "mgeni".

Wakwe zangu wako mitaa miwili kutoka hapa na kila Jumapili tunakula kwao. Baba mkwe unamkumbuka? Yule mkaguzi wa majengo mstaafu aliyeinama kuchungulia chini ya jukwaa siku ya harusi. Kila akija kwetu anakagua ngazi kwanza, salamu baadaye.

Haya, amri zangu ni hizi. Mishumaa wape wazazi wa mapacha, umeme wa mtaa ule naujua. Glasi wape kanisani au msikitini, yeyote atakayekuwa na shughuli kwanza. Maua mpe kinyozi, kibanda chake kina kuta tupu. Kadi zikate, andikia vipimo vya mbao nyuma yake. Saa moja iende zahanati, moja shuleni.

Kuhusu meza, naomba wewe na Mama mkae muamue. Mjomba, kuna nini? Mama ameniandikia kurasa tatu: habari za cherehani yake, habari za wateja wasiojua kiuno chao kimeongezeka, na juu yako maneno matatu tu, "Mjomba wako yupo." Yupo! Na tangu marehemu mke wako atuache unakula kwa Mama kila jioni. Sasa nani anakupikia?

Mpwa wako

*

1 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi mzima, nimepungua kidogo. Amri zako zimetekelezwa, isipokuwa saa, kwa sababu unayoijua. Kinyozi ameweka maua kila pembe mpaka wateja wanamuuliza anaoa lini. Amekasirika kidogo lakini hajayaondoa.

Anayenipikia ni mimi. Juzi nilibandika maji, nikaenda kupiga randa ubao mmoja tu, niliporudi sufuria imekauka na kitako chake kimekuwa cheusi. Niliunguza maji, mwanangu. Kazi hiyo inataka kipaji.

Umeuliza kuna nini. Sikutaka kukuambia kwa sababu ni harusi yako na sitaki uikumbuke hivyo. Lakini ukiuliza tena nitaudhika, basi bora nikuambie mara moja.

Wakati watu wanakula, mkweo yule mkaguzi aliinua kitambaa cha meza, akapapasa ubao kwa chini, akagonga kwa kidole. Akamuuliza mama yako, "Meza nzuri hizi, mmezitoa wapi?" Mimi nilikuwa nyuma yao na sinia la glasi. Nikasema moyoni, haya, leo nitajulikana. Nikanyoosha hata kola. Mama yako akasema, "Tumekodi. Kampuni moja ya mjini."

Miezi mitatu! Miezi mitatu nilikataa kazi za watu. Kila mguu nimeuchongea tundu lake na kuuandika namba kwa patasi, mguu wa meza ya tatu hauingii meza ya saba hata uubembeleze. Na anayenikana si mtu wa barabarani, ni dada yangu wa tumbo moja, aliyekuja karakana na futi yake kupima kila meza ili kitambaa kikae sawasawa. Sikuangusha hata glasi moja. Nilihudumia mpaka mwisho na nikacheka palipotakiwa kucheka.

Siku ya kusafisha nikamwambia, "Kampuni imekuja kuchukua mali yake," nikaanza kugonga miguu itoke. Nilidhani atasema neno. Alisimama pale mlangoni ameshika ufagio akaniangalia nikipakia miguu kwenye mkokoteni, mpaka nikaondoka. Angesema hata "pole" ningerudi.

Umetaka kujua, umejua. Usimwandikie kwamba nimekuambia.

Mjomba wako

*

28 Machi

Shikamoo Mjomba,

Sisi wazima. Mvua imetuingilia dirishani, godoro tumelianika ngazini na baba mkwe amekagua godoro. Nimefurahi kusikia habari za kinyozi na maua yake. Hapa hospitali nao wanapenda maua, kuna mama mmoja huleta ya kweli kila Jumatatu, meupe na ya manjano, anayapanga kwenye chupa za dawa zilizooshwa, na yakinyauka anaweka ya plastiki kwa muda. Hata sisi nyumbani tunafikiria kupanda machache kwenye kopo.

Kuhusu ile habari, pole sana. Huenda Mama alikuwa na sababu. Huenda alichanganyikiwa, siku ya harusi watu husema mengi. Huenda hata hakuelewa swali. Usimkasirikie sana. Huenda kuna kitu hukijui, huenda hakuna.

Mume wangu ananiita, nitaandika vizuri siku nyingine.

Mpwa wako

*

9 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma mara mbili nikitafuta ulipo. Nimekuta "huenda" tano. Umeingia siasa na hukuniambia? Wewe ambaye tulikupachika jina la Redio kwa sababu ulikuwa hufungiki! Na yale maua, mwanangu, mimi sikuuliza maua.

Sisi huku tupo. Mapacha wamepata surua na wamepona. Kazi ninayo, makabati mawili na mlango wa duka la dawa.

Nina mambo mawili ya kukuambia na yote yananikera. La kwanza. Mwalimu mkuu wa shule ya pale chini alitaka kuazima meza kwa mitihani. Alikwenda kwa mama yako, akaambiwa, "Mbao ninazo, miguu iko kwa kaka." Akaja kwangu, nikamwambia, "Miguu ninayo, mbao ziko kwa dada." Akarudi kule, akarudi huku. Mara ya tatu alisimama katikati ya njia, akavua miwani akaifuta, akaenda zake. Watoto waliokosa dawati walifanya mtihani wamepakata karatasi. Hilo limenitia aibu kuliko ninavyoweza kuandika.

La pili. Mama yako aliugua homa siku sita. Usishtuke, amepona, anashona. Nilisikia kwa fundi viatu, ambaye mdomo wake haujawahi kupata kufuli. Nilikwenda. Nilisimama upande wa pili wa njia, nikaona majirani wanaingia na vikombe vya uji, wanatoka. Mimi sikuingia. Tangu tuzaliwe, dada yangu hajawahi kuumwa nisimshike paji la uso. Safari hii nilisimama tu kwenye njia kama mpita njia.

Ningeingia akaniambia nini? Kwamba kampuni imekuja kumjulia hali?

Haya, nimeshaandika, siwezi kufuta. Kuwa mzima.

Mjomba wako

*

20 Juni

Shikamoo Mjomba,

Tuko salama wote. Mkuu wa maabara ameacha kuniita mgeni. Barua hii nimeianza mara nne, na mara zote nne nimeishia hapo kwa mkuu wa maabara. Keti kwanza.

Maneno yale yalikuwa yangu. Mama aliyasema kwa kinywa chake, ulisikia vizuri, lakini mimi ndiye niliyeyasema kwanza.

Wiki moja kabla ya harusi nilikuwa saluni na wifi yangu, dada wa mume wangu. Alikuwa akisimulia harusi ya rafiki yake, namna kila kitu kilivyokodiwa, viti vina tai, meza zina kioo. Akaniuliza, "Na nyinyi mmekodi wapi?" Mimi nilikuwa nimetoka kwako karakana muda uleule. Msusi alikuwa bado ananitoa vumbi la mbao kichwani. Mjomba, niliona haya. Meza zilikuwa nzuri na nilijua ni nzuri. Niliona haya kwa sababu zilikuwa za nyumbani. Nikasema, "Kampuni moja ya mjini, wametuletea kila kitu."

Jioni nilimhadithia Mama kama kichekesho. Hakucheka. Alisema, "Utawaambia ukweli wakwe zako kabla ya harusi, na mjomba wako utamwambia uliyosema." Nikasema ndiyo. Sikumwambia mtu. Kisha baba mkwe akamuuliza, nami nilikuwa nimekaa mbele yao. Mama aliniangalia. Nilitikisa kichwa, kidogo tu, hivi. Akatazama sahani yake, akasema yale mliyoyasikia wote. Mama, ambaye hata kuhusu umri wake hajawahi kudanganya.

Ulipoandika Machi nilijua yote, na nikakujibu habari za maua. Ulipoandika kwamba alikuwa mgonjwa na wewe umesimama njiani, sikulala vizuri siku nyingi. Nilikuwa naogopa. Nilijua ukimkasirikia Mama ipo siku mtapatana, mmezoeana. Ukinikasirikia mimi niliye mbali, nani atatupatanisha? Ndivyo nilivyojidanganya.

Jumapili iliyopita baba mkwe alisema mezani kwamba binti yake wa mwisho, mdogo wake wifi, anaolewa Septemba na anataka meza zilezile. "Ile kampuni yenu inaitwaje?" Wote wakanigeukia. Niliweka kijiko chini nikasema yote, saluni, karakana, Mama, wewe na sinia lako. Wifi alicheka kwanza, kisha akaacha. Mume wangu alikuwa anatazama glasi yake ya maji. Baba mkwe alitafuna akamaliza, akasema, "Miaka thelathini na miwili nimekagua kazi za watu. Mtu aliyechonga tundu lile hakuwa anakodisha. Sasa mbona ulimficha fundi kama yule?" Ile aibu niliyokuwa naikimbia, Mjomba, haikuwepo kwao kabisa. Niliitengeneza mwenyewe.

Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, ni haki yako. Ila nakuomba uende kwa Mama.

Nakupenda. Sijui kwa nini sijawahi kukuandikia hivyo.

Mpwa wako

*

1 Agosti

Shikamoo Mjomba,

Wiki sita sijapata hata mstari. Nimeuliza posta mara mbili, yule karani sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Mama naye ameandika, na juu yako bado ni yale yale, "yupo".

Sikuulizi kitu. Nataka kujua tu kama unakula.

Mpwa wako

*

24 Agosti

Mpwa wangu, Redio wetu,

Marahaba, na tena marahaba, maana barua zako ni mbili. Mimi mzima, na nimenenepa. Mapacha wanakaa bila kushikwa. Fundi viatu aling'olewa jino, mtaa ulikuwa kimya siku tatu, watu walikuwa wanapita kumwona kama mgonjwa na kumbe wanakuja kuusikiliza ukimya.

Kwanza mambo ya kazi. Mwambie mkweo meza atazipata, zote kumi na nane. Sikodishi, naazimisha. Tutakuja nazo mimi na mama yako kwenye lori la muuza mbao, na kuzifunga nitafunga mwenyewe, asije mtu akanilazimishia mguu wa meza ya tatu kwenye meza ya saba. Yeye kazi yake iwe kukagua. Zikirudi, zitakaa shuleni mpaka mitihani mingine iishe, nimeshaongea na mwalimu mkuu. Na vitambaa vinakuja pia, mama yako hataki meza zake zionekane uchi kwa wakwe. Ndiyo, kasema "zake". Nimemwachia.

Sasa wewe. Nilikukasirikia siku mbili. Siku ya kwanza nilipasua ubao mzima wa kabati la mtu kwa kupiga patasi vibaya. Siku ya pili nikakumbuka kwamba ulianza kulala juu ya maranda ya karakana yangu ukiwa na miaka minne, unatoka umejaa vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, unapita mtaani hivyo hivyo unaimba. Miaka ishirini na zaidi, na umeona haya siku moja. Hiyo nimekusamehe, na usinirudishie tena maana sitaki kuisoma mara mbili.

Kilichonichelewesha ni haya zangu mwenyewe. Dada yangu sikumsalimia karibu miezi minane kwa kosa ambalo hakulitenda. Nilifika mlangoni kwake mara tatu nikarudi. Mara ya kwanza nilisahau nilichopanga kusema. Mara ya pili alikuwa anampima mteja. Mara ya tatu nilisikia harufu ya chakula chake na machozi yakanitoka njiani, mtu mzima, nikaona bora nirudi kabla fundi viatu hajaniona. Mara ya nne nikapakia miguu yote sabini na miwili kwenye mkokoteni, kwa sababu mkokoteni ukishajaa, kuugeuza katika njia ile haiwezekani, lazima uende mpaka mwisho.

Mlango ulikuwa wazi na yeye yuko kwenye cherehani. Nikasema, "Dada, nisamehe." Hakugeuka. Alishona mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi, ndipo akaniuliza, "Amekuambia?"

Nikasema, "Ameniambia."

"Mwenyewe? Hukumlazimisha?"

"Mwenyewe. Na wakwe zake amewaambia, wote, mezani."

Basi akalia. Mama yako simjui kwa kulia, hata msibani huwa ndiye anayegawa maji. Alilia ameshika mkasi. Nikaketi karibu yake, nikamwambia nimekuwa mjinga, nikamwambia na habari ya siku ile ya homa, kwamba nilikuwa njiani. Akasema, "Nilikuona dirishani."

Tulipokwisha kula, nikamuuliza jambo lililokuwa linanitafuna. Nikamwambia, "Dada, neno moja tu lingetosha. Siku ile nagonga miguu ungesema 'si mimi, ni mtoto', yangekwisha palepale. Kwa nini ulikaa miezi yote hii unakula peke yako na kaka yako yuko mlango wa nane?"

Akasema, "Ningekuambia mimi, wewe ungejua ukweli. Lakini mimi nisingejua nimelea mtu wa namna gani."

Kisha akafuta macho kwa kipande cha kitambaa, akaniambia nikuandikie kwamba sasa anajua. Nimeandika.

Mjomba wako